Baiti ya Nne: Historia ya Herufi Zilizokataliwa na Hifadhidata

Katika kusimulia historia ya maandishi ya Kiswahili tumezoea kueleza mambo mawili: jinsi hati ya Kiarabu ilivyotumika pwani kwa karne kadhaa, na jinsi hati ya Kilatini ilivyoshika nafasi yake katika shule na ofisi tangu mwisho wa karne ya 19. Liko jambo la tatu, nalo ni kuingizwa kwa maandishi katika kompyuta, ambamo leo hukaa sehemu kubwa ya maneno yaandikwayo kila siku. Makusudi ya makala haya ni kueleza kipande kimoja tu cha jambo hilo la tatu, yaani jinsi hifadhidata iitwayo MySQL, iliyo chini ya programu nyingi mno za mtandao, ilivyoagizwa kupokea herufi kwa baiti tatu ilipopasa kuzipokea kwa baiti nne, na jinsi kasoro hiyo ilivyodumu hata ikaondolewa. Mwanaisimu asidhani kwamba hayo ni mambo ya mafundi peke yao. Yeye ndiye akusanyaye maneno ya watu yawe ushahidi, na ushahidi uliokatwa pasipo yeye kujua humfanya aseme uongo kwa nia njema.

Hapana budi kuanza na hesabu kidogo. Baiti ni fungu la tarakimu nane za sifuri na moja, nalo laweza kuwa na sura 256. Msimbo wa Kimarekani uitwao ASCII, uliotangazwa mara ya kwanza mwaka 1963, ulitumia tarakimu saba tu, kwa hiyo ulikuwa na nafasi 128: herufi za Kiingereza kubwa na ndogo, tarakimu, alama za uandishi, na amri za mtambo. Kiswahili Sanifu, ambacho Kamati ya Lugha ilianza kukisimamia tarehe 1 Januari 1930, kiliandikwa bila herufi hata moja isiyokuwamo katika taipureta ya Kiingereza. Ni katika miaka hiyo hiyo taasisi ya lugha za Kiafrika iliyokuwa London ilipokuwa ikipendekeza herufi kama ɓ, ɗ na ŋ kwa lugha nyinginezo za bara hili. Kwa hiyo sisi tuliingia katika zama za kompyuta bila kubisha hodi, na jirani zetu wengi waliachwa kizingitini. Bahati hiyo ndiyo iliyotufanya tusijali. Shida yetu moja ilikuwa ni ile alama ndogo ya *ng'ombe* na *ng'ambo*. Katika lugha ya amri za hifadhidata alama hiyo ndiyo mpaka wa maneno, hata neno *ng'ombe* likipelekwa na mtunga programu asiyejihadhari huivunja amri nzima. Tena neno hilo laweza kuandikwa kwa alama tatu zinazofanana machoni, likachukua baiti saba, nane au tisa, na mtambo ukayahesabu kuwa maneno matatu mbalimbali. Mwenye kuhesabu mara ambazo neno hutokea na alijue hilo.

Mwaka 1988 Joe Becker wa kampuni ya Xerox alitoa pendekezo la msimbo mmoja wa herufi zote za dunia, akauita Unicode. Alikadiria kwamba herufi zinazotumiwa na watu wa sasa zingeenea katika nafasi 65,536, ambazo ni sura zote za baiti mbili. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 1991. Kadirio lile halikudumu, kwa maana herufi za Kichina peke yake zilikuwa nyingi kupita hesabu hiyo, na hati za zamani zilitakiwa na wanahistoria. Toleo la pili, la Julai 1996, lilipanua uwanja ukawa na nafasi 1,114,112, na Machi 2001, katika toleo la 3.1, herufi za kwanza zilipewa makao nje ya zile nafasi 65,536 za mwanzo. Tarehe hiyo ya mwisho tuishike, maana tutairudia.

Namna ya kuziandika nambari hizo katika baiti ilikuwa imekwisha kupatikana. Septemba 1992, katika mkahawa mmoja wa New Jersey, Ken Thompson na Rob Pike wa Bell Labs walibuni utaratibu uitwao UTF-8. Thompson aliuchora juu ya karatasi ya mezani wakati wa chakula cha jioni. Uzuri wake ni kwamba herufi ya ASCII hubaki baiti moja kama zamani, na nyinginezo huongezewa baiti kadiri nambari yake ilivyo kubwa. Yafaa kuutazama utaratibu huu kwa mifano ya Afrika. Kiswahili cha hati ya Kilatini huchukua baiti moja kwa herufi. Kiswahili cha hati ya Kiarabu, pamoja na zile herufi zilizoongezwa kwa ajili ya sauti za *p*, *ch* na *v*, huchukua baiti mbili. Vivyo hivyo N'Ko, hati aliyoibuni Solomana Kante mwaka 1949. Hati ya Kiamhari na ya Kivai huchukua tatu. Osmanya, hati ya Kisomali aliyoibuni Osman Yusuf Kenadid katika miaka ya 1920, huchukua nne, kwa sababu ilipokelewa katika Unicode mwaka 2003, baada ya nafasi za mbele kugawanywa. Adlam, hati ya Kifulani iliyobuniwa na ndugu wawili wa nchi ya Gine, Ibrahima na Abdoulaye Barry, mwaka 1989 walipokuwa wangali watoto, nayo huchukua nne. Ilipokelewa Juni 2016. Kwa ufupi, aliyechelewa kufika ndiye aliyepewa chumba cha mwisho, na chumba cha mwisho ndicho chenye baiti ya nne.

Sasa tuitazame MySQL. Hifadhidata hii ilitoka mwaka 1995 nchini Uswidi, na asili yake ilionekana katika desturi zake: mtu asipotaja seti ya herufi, mtambo ulichukua ile ya Ulaya ya Magharibi, na kanuni ya kulinganisha maneno ilikuwa ya Kiswidi. Desturi hiyo ilidumu mpaka mwaka 2018. Mtu wa Tabora au Kisumu aliyefungua jedwali la majina ya wanafunzi bila kutaja lolote aliyapanga majina hayo kwa sheria za Stockholm, asijue. Haikumdhuru, kwa kuwa herufi zetu ni zile zile. Lakini aliyetia humo shairi kwa hati ya Kiarabu alikuta safu ya alama za kuuliza.

Toleo la 4.1 ndilo lililoleta UTF-8. Katika maandalizi yake mtambo uliruhusu mafungu ya mpaka baiti sita, kama kanuni za wakati huo zilivyosema. Kisha Septemba 2002 mmojawapo wa watengenezaji alibadili programu, akaandika kwamba tangu sasa UTF-8 itakubali baiti tatu tu. Neno la sababu hakuliweka. Mtu aujuaye mtambo huo aweza kuiona faida yake: katika safu ya urefu usiobadilika, herufi kumi hutengewa nafasi ya kutosha herufi kubwa kuliko zote, mara kumi, kwa baiti sita hiyo ni 60, kwa baiti tatu ni 30. Nafasi ya diski ilikuwa na bei. Lakini kumbuka ile Machi 2001. Herufi za baiti nne zilikuwa zimekwisha kuwako kwa mwaka mmoja na nusu badiliko lile lilipoandikwa, na zaidi ya 40,000 kati yake zilikuwa za Kichina. Kwa hiyo kitu kile kilikuwa kimepitwa na wakati kabla hakijazaliwa. Novemba 2003 kanuni rasmi ya UTF-8 iliandikwa upya, nayo ikaweka ukomo wa baiti nne. MySQL ilibaki na tatu.

Jina nalo lilileta madhara yake. Kitu kile kiliitwa *utf8*, na mtunga programu aliyetaka UTF-8 aliandika *utf8*, akapata kilicho pungufu, akaamini amepata kizima. Sisi tunaoshughulika na maneno twajua kwamba jina lisilolingana na kitu chake hudumu kwa sababu kila alitumiaye hudhani wenzake wamekwisha kulichunguza. Vitabu vya mafunzo vililinakili, na programu zilizoandikwa kwa kufuata vitabu hivyo zikazaa nyingine. PostgreSQL, hifadhidata nyingine iliyo mashuhuri, ilikuwa na kasoro iyo hiyo. Lakini iliisahihisha mwaka 2005 katika toleo la 8.1, na leo ni wachache wakumbukao kwamba iliwahi kuwako.

Inapasa kueleza madhara yenyewe. Chukua taarifa kama hii, ambayo mtu yeyote wa siku hizi angeweza kuipeleka:

Tumefika salama 😂 ila mzigo umebaki Segera, mwambie baba asiende stendi.

Picha ile ya uso uchekao hadi machozi ni nambari 1F602, nayo kwa UTF-8 ni baiti nne, ambazo ya kwanza yake ni F0. Mtambo wa baiti tatu ukikutana na F0 huona si mwanzo wa herufi yoyote uijuayo. Ukiwa katika hali ya ukali hukataa taarifa yote na kurudisha kosa nambari 1366. Ukiwa katika hali ya upole, ambayo ndiyo iliyokuwa desturi mpaka toleo la 5.7 la mwaka 2015, hufanya jambo baya zaidi: huhifadhi yaliyo kabla ya F0, hutupa yote yaliyo baada yake, na hutoa onyo ambalo programu nyingi hazikulisoma. Kilichobaki katika jedwali ni maneno mawili, *Tumefika salama*. Haikupotea picha tu. Ulipotea mzigo, na Segera, na baba aliyekuwa hapaswi kwenda stendi. Tena kilichobaki ni sentensi kamili ya Kiswahili, yenye kitenzi na kielezi, wala hakuna msomaji ambaye angeshuku kwamba ilikuwa na mwendelezo.

Nawaomba wasomaji wenzangu walifikirie hilo kwa jicho la utafiti. Mtu akikusanya mazungumzo elfu kadhaa yaliyohifadhiwa hivyo, kisha akatoa hukumu kwamba Kiswahili cha mtandaoni hupenda sentensi fupi, au kwamba viunganishi kama *ila* na *lakini* vinatoweka, amepima ukomo wa mtambo akadhani amepima lugha. Ipo namna nyingine ya uharibifu, itokeayo pale muunganisho unapojua baiti nne na jedwali halijui: hapo herufi isiyotoshea hugeuzwa kuwa alama ya kuuliza, na maneno yaliyobaki husalimika. Hiyo ni afadhali, maana kovu lake huonekana. Ingawa taarifa iliyo tamko huweza kusomwa kama swali.

Ni nani basi aliyeufungua mlango? Yatupasa kuwa waangalifu na tarehe. Seti mpya ya herufi yenye baiti nne, iliyopewa jina *utf8mb4*, ililetwa katika toleo la 5.5.3 la mwezi Machi 2010. Emoji zenyewe ziliingia katika Unicode mwezi Oktoba wa mwaka huo huo. Basi si haki kusema kwamba emoji zilisababisha dawa itengenezwe. Dawa ilitangulia kwa miezi saba. Lakini kutengeneza ni jambo moja na kutumia ni jingine. Wenye Osmanya walikuwa wamekwisha kungoja miaka saba, na wenye herufi za Kichina zilizo adimu, ambazo aghalabu ni herufi za majina ya watu na ya vijiji, miaka tisa. Hao walikuwa wachache, au walihesabiwa kuwa wachache.

Emoji zilitoka Japani. Kampuni ya simu ya J-Phone iliweka picha 90 katika simu moja mwaka 1997, na mwaka 1999 Shigetaka Kurita alitengeneza picha 176 kwa ajili ya kampuni ya NTT DoCoMo, kila moja ikiwa na vitone 12 kwa 12. Kila kampuni ilijitungia nambari zake, hata picha iliyotumwa kwa mtu wa kampuni nyingine ilifika ikiwa takataka. Ili kuondoa mchafuko huo Unicode ya mwaka 2010 ilipokea emoji 722, na zilizokuwa mpya karibu zote ziliwekwa nje ya zile nafasi 65,536. Neno *karibu* lina uzito hapa. Moyo mwekundu na jua ni alama za zamani, zenye baiti tatu. Mtunga programu aliyejaribu mtambo wake kwa kutuma moyo aliuona ukipita salama, akatangaza kwamba emoji zinakubaliwa. Oktoba 2011 kampuni ya Apple ilizitia emoji katika simu zake kwa watumiaji wa nchi zote, na tangu hapo kasoro iliyokuwa imewatesa wachache ikawagusa wote.

Hata hivyo kuhama hakukuwa rahisi, kwa sababu ya hesabu moja ambayo yafaa kuelezwa. Ili kutafuta upesi, hifadhidata huweka faharasa, na faharasa ya kawaida ya MySQL ya wakati huo ilikuwa na ukomo wa baiti 767. Watunga programu walizoea kutenga herufi 255 kwa jina au anwani. Herufi 255 za baiti tatu ni baiti 765, na zilitoshea. Za baiti nne ni 1,020, na hazikutoshea. Ukigawanya 767 kwa nne utapata 191 na baki ndogo. Ndiyo sababu katika programu nyingi za miaka ile utaona safu za herufi 191, nambari isiyo na maana yoyote kwa asiyeijua historia hii. Ni kisukuku, kama vile masalio ya ngeli za kale katika lugha zetu.

Kisa cha WordPress chaonyesha vizuri jinsi mambo yalivyokwenda. Ule ukataji wa maneno ulikuwa pia tundu la wezi: mtu aliweza kuandika maoni yaliyo halali, akatia herufi ya baiti nne mahali alipotaka yakatwe, na kilichobaki baada ya kukatwa kikawa ni amri ya hatari. Tundu hilo lilizibwa tarehe 21 Aprili 2015 katika toleo la 4.1.2, na siku mbili baadaye likatoka toleo la 4.2, ambalo lilihamisha majedwali kwenye *utf8mb4* na kutangaza emoji kwa shangwe. Baadaye wahandisi wake walieleza hadharani kwamba shangwe ile ilikuwa kifuniko: kazi ya usalama ilifanywa mbele ya watu wote kwa jina la emoji ili wezi wasishtuke. Binafsi naona kwamba hicho ndicho kisa bora kuliko vyote katika historia ya misimbo ya herufi. Picha za mzaha zilibeba mzigo ambao hati za mataifa hazikupewa nafasi ya kuubeba, na chini ya mzigo huo Osmanya ilipita, na Adlam ilipofika mwaka uliofuata ilikuta njia imekwisha kusafishwa.

Kusafishwa, lakini si kwa ukamilifu. Kuhifadhi herufi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzilinganisha. Kanuni mbili za ulinganishi zilizotumiwa zaidi pamoja na *utf8mb4* katika miaka yake ya kwanza ziliipa kila herufi ya baiti nne uzito ule ule. Kwa kanuni hizo sushi na glasi ya bia ni alama moja, na watunga programu wa Japani waliliita tatizo hilo kwa majina ya vitu hivyo viwili wakicheka. Kwa Mfulani si kichekesho. Maneno yoyote mawili ya Adlam yenye idadi sawa ya herufi huhesabiwa kuwa neno moja: ukimtafuta mtu mmoja utaletewa wote wenye majina ya urefu ule, na safu isiyoruhusu marudio itamkataa wa pili kwa madai kwamba amekwisha kuandikishwa. Toleo la 8.0 la mwaka 2018 liliifanya *utf8mb4* kuwa desturi, likaleta kanuni mpya iliyotokana na Unicode ya 9.0, toleo lile lile lililoipokea Adlam, na huko kila herufi ina uzito wake.

Kanuni hiyo mpya nayo, kwa desturi yake, haijali alama zilizo juu ya herufi. Kwa Kiswahili si kitu. Kwa Kikikuyu, chenye irabu saba, *ĩ* na *i* ni irabu mbili, na *ũ* na *u* ni mbili. Mtambo uzilinganishao kama moja haufai kwa kamusi ya lugha hiyo, wala kwa orodha ya majina ya watu. Dawa ipo: ni kuchagua kwa jina ile kanuni ijaliyo alama, ambayo huandikwa *as* mahali pa *ai*.

Kwa hiyo mwenye kusimamia hifadhidata ya maandishi hana budi kuangalia mahali pengi. Jedwali laweza kuwa na baiti nne na safu moja ndani yake ikabaki na tatu, kwa kuwa kila safu ina seti yake. Muunganisho baina ya programu na hifadhidata nao una seti yake, na usipobadilishwa maneno yatakatwa njiani hata kama jedwali ni zima. Nakala za akiba zilizochukuliwa kwa seti ya zamani hurudi na kasoro za zamani. Jaribio la kweli ni kutia herufi iliyo nje ya nafasi 65,536, iwe ya Osmanya au uso uchekao, ikifuatiwa na maneno ya kawaida, kisha kuyasoma tena maneno hayo ya nyuma. Jina *utf8* lenyewe MySQL imelihesabu kuwa la kuachwa, na kitu chake sasa huitwa *utf8mb3*, jina linalosema kweli. Lakini majedwali yaliyoundwa kabla ya 2018 hayajigeuzi yenyewe, na ambayo yamegeuzwa hayakurudishiwa maneno yaliyotupwa. Katika mkusanyo wowote wa mazungumzo ya Kiswahili uliohifadhiwa kwa mtambo huo baina ya 2011 na siku ulipogeuzwa, sentensi ikomayo kwa nafasi tupu bila nukta yafaa ihesabiwe kuwa imekatwa mpaka ithibitike vingine.